Kopo la Katikati ya Uwanja

Maabara, ghorofa ya chini
3 Februari

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepatana na ngazi, na paka wako mmoja bado ni mmoja. Sisi huku wazima. Baba amepandishwa cheo tena kwenye bima, sasa anaona ajali hata ndani ya bakuli la supu. Jumapili alinihamisha kiti kwa sababu nilikuwa karibu na dirisha. Mama anakusalimu, anasema sweta uliyomfumia imemkaa vizuri sana, maana yake haimtoshi.

Najua unangoja niseme ninachotaka, kwa kuwa huwa siandiki kurasa mbili bure. Nataka udongo.

Usicheke. Tunapima mionzi kwenye udongo wa pwani, kuanzia mlangoni mwa mto mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Mionzi ipo kila mahali, Bibi, hata kwenye ndizi unazokula. Mingine ni ya asili, imo ardhini tangu dunia iwe dunia. Ule mchanga mweusi wa mlangoni mwa mto una mingi kuliko mweupe. Mingine imeletwa na watu: zamani, Baba hajaota hata meno, wakubwa wa dunia walijaribu mabomu yao mbali huko, vumbi likapanda, upepo ukalibeba, mvua ikaliteremsha kidogo kidogo kila mahali. Kilichobaki tunakiita seziamu. Kikitua kwenye udongo kinang'ang'ania pale juu juu, hakizami kirahisi. Lakini ukipitisha jembe umeshakivuruga, na hesabu yetu imekwenda na maji.

Sasa pwani nzima watu wamelima, wamejenga, wamefukia na kufukua. Nahitaji kipande kimoja ambacho hakijaguswa tangu enzi hizo, tukifanye cha kulinganishia. Nimefikiri weee, mwisho nikaukumbuka uwanja wa nyasi wa Babu. Nani aliwahi kutia jembe pale akabaki na masikio yake?

Nakutumia pete ya chuma na mifuko mitano ya zipu. Nyundo unayo. Ni pembe nne na katikati. Igongee pete mpaka ijae, inua, mimina mfukoni, funga. Kila mahali na mfuko wake, usichanganye. Halafu upeleke kifurushi posta. Simu nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu.

Mjane mwenzako,
Mpima Vumbi


Nyumbani
21 Februari

Mjukuu wangu mkorofi,

Marahaba. Magoti yapo, ngazi ndiyo imezidi kiburi. Paka ni watatu, ila usimwambie baba yako, atawakatia bima. Simu aliyoninunulia iko kabatini chini ya mashuka. Inalia ovyo, na ukiipokea unaulizwa neno ulijibu papo hapo, hata hujalitafuna. Barua ina adabu zake.

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani umechanganyikiwa. Wajukuu wa wenzangu wakisoma wanatuma mashine za kufulia, wangu anaomba udongo. Hata hivyo nimekutii. Marehemu mume wetu akituuliza huko mbele, nitasema wewe ndiye uliyetoa amri, mimi nilishika nyundo tu.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko ulivyoiandika. Pembe tatu pete iliingia bila ubishi, ya nne ikakuta mzizi, tukasogea kidogo. Katikati ndiko kugumu zaidi, pale alipokuwa anaweka kiti chake na redio. Tuligonga mpaka jirani akaja kuuliza kama tunajenga.

Mifuko yako ni mizuri mno. Mmoja nimetia nyuzi zangu za kufumia, zimetulia ndani kama zimelipiwa chumba. Kwa hiyo udongo wa katikati umo kwenye kopo la biskuti. Ni kopo zuri, linafunga kuliko mifuko yako yote, na nilipewa kwa moyo mmoja, kwa hiyo lirudi.

Mengine ni ya kawaida. Saa ya ukutani, ile iliyokuwa imegota tangu msiba, siku hizi inasema kweli. Inagonga pia. Bado sijaizoea, kila ikigonga nasema karibu.

Mwambie baba yako asinitumie tena picha za kile chumba cha juu nyumbani kwake. Nimekiona. Ni chumba.

Bibi yako


Maabara
6 Machi

Bibi,

Shikamoo na ahsante sana. Udongo umefika salama. Nilikuwa nje kikazi siku hiyo, mwenzetu wa mapokezi ndiye aliyeupokea na kuumimina kwenye vyombo vyetu. Anasema kopo lako lilikuwa linanukia mafuta ya mashine, na biskuti za hivyo hajawahi kula.

Sasa tumeukausha, tumeuchekecha, tumeutia kwenye vikopo vya plastiki na kuvifunga kabisa. Humo utakaa mwezi mzima. Najua utauliza kosa lake. Ndani ya udongo mna kitu kinaitwa radiamu, nacho kinatoa gesi, na tukipima kabla gesi haijatulia tutapata jibu la uongo. Kwa hiyo tunausubiri. Baada ya hapo kila kikopo kitaingia kwenye sanduku la madini ya risasi lenye kuta nene kuliko za nyumba yako, na mashine itaukodolea macho mchana kutwa na usiku kucha.

Baba mzima, ila ana mafua, na ameyaandikia taarifa. Mama ameigawa ile sweta, sasa anaivaa dada yangu.

Haya, tukae chini kidogo, mimi na wewe. Umeandika "tukasogea". Umeandika "tuligonga". Wewe na nani? Paka? Na hiyo saa ya ukutani Baba aliwapelekea mafundi wawili hapa mjini wakaishindwa. Nani kaiamsha? Mimi nilidhani tuko wajane wawili, nimevaa huzuni yangu vizuri tu, kumbe mwenzangu ana wageni wa kushika nyundo.

Nijibu kwa kirefu.

Mpima Vumbi


Nyumbani
24 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Ulitaka kirefu, pokea. Bati la jikoni linavuja upande wa jiko. Jino langu la nyuma limeng'olewa, daktari ni kijana wa mikono laini, ameoa, nilimwuliza kwa ajili yako. Paka wa kijivu amezaa kwenye kapu la nguo safi. Yule jirani aliyeuliza kama tunajenga amepaka nyumba rangi ya zambarau na anataka tumsifu. Nimemsifu.

Saa ya ukutani ilijitengeneza. Vitu vikiachwa vipumzike vinajirudi vyenyewe.

Siku hizi naenda posta mara mbili kwa wiki hata kama sina barua. Ni mazoezi ya magoti. Pale barazani pana benchi la kupumzikia na watu hawana kelele.

Baba yako anataka nihamie kwake kabla ya mvua kubwa. Anasema mtu wa umri wangu kukaa peke yake ni hatari isiyo na fidia. Nimemwambia nitafikiri, lakini wewe unajua kufikiri kwangu ni hapana ya heshima. Kwake nikiamka sijui hata swichi ya taa iko wapi. Hapa najua kila ubao unaolia na unalia kwa nini. Hapa ndipo kwangu, na nikitoka nitatoka nimebebwa.

Mimi ndiye niliyetoa udongo bure, na wewe ndiye unayeuliza maswali. Umelelewa na nani?

Bibi


Maabara
17 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, salamu nitazimalizia mwisho. Kaa chini kwanza.

Hesabu za vikopo zimetoka. Pembe nne ni safi mpaka raha. Mionzi ya asili ni ile ya kawaida ya pwani, na seziamu ipo juu juu pale pale ilipotua, haijaguswa. Babu alikuwa mlinzi wa kweli, laiti angejua alikuwa anatulindia nini.

Katikati ndiyo habari. Radiamu imepanda kupita kiasi. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Nikasafisha sanduku, nikarudia tena. Ni ile ile. Mkuu wa maabara aliteremka mwenyewe kuja kuona, akaacha chai yake juu, na huyo haachi chai.

Sheria ni kwamba mahali pa kuishi watu pakionekana hivyo, mwenye kiwanja anaarifiwa na pale panazungushiwa uzio mpaka pachunguzwe. Na kiwanja kiko kwa jina la Baba. Barua ilimfikia kabla sijapata nafasi ya kumwandaa. Bibi, unamjua mwanao. Amekwishaagiza lori. Mwanzoni mwa Juni anakuja kukuhamisha, wewe na vyombo vyote, na nyumba anataka kuitoa mkononi. Safari hii hapana yako haimtishi, kwa sababu ana karatasi yenye mhuri, na mhuri wenyewe ni wa kwetu. Mimi mjukuu wako ndiye niliyemchongea fimbo. Nimelia chooni, na sisemi zaidi ya hapo.

Lakini kuna jambo haliniingii akilini. Pembe nne safi, katikati tu ndiyo inawaka, na katikati tu ndiyo iliyokuja kwenye kopo. Lile kopo lilikuwa la nani, na mlikuwa na nini ndani yake kabla ya udongo?

Kwa sasa usikae katikati ya uwanja.

Mpima Vumbi


Nyumbani
25 Aprili

Kopo ni la biskuti. Mlikuwa na biskuti.

Baba yako ameongea nami kwa simu ya jirani, tena kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa aliye chini ya shuka. Ameniuliza kama kabati langu linapita mlangoni. Nimemwambia kabati linapita, mimi ndiye sipiti.

Mashine yenu mbovu. Itieni mafuta.

Leo mchana nimekaa katikati ya uwanja makusudi, nikanywa chai vikombe viwili.

Bibi


Maabara
3 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo, hata kama umenuna. Leo sina habari za mafua ya mtu yeyote.

Radiamu ya ardhini haitembei peke yake. Ina mzazi wake, anaitwa urani, na popote alipo mtoto, mzazi hayuko mbali. Ya kwako ni yatima. Urani iliyomo ni kidogo, sawasawa na ile ya pembeni, lakini radiamu imefurika. Ardhi haifanyi hivyo. Watu ndio wanaofanya. Zamani walikuwa wanaichuja, wanaichanganya kwenye rangi, wanapaka mishale na namba za saa ili zing'ae gizani.

Nilipofika hapo, kalamu ikasimama yenyewe. Nikaikumbuka saa ya ukutani inayogonga. Nikakumbuka harufu ya mafuta ya mashine. Nikakumbuka posta mara mbili kwa wiki kwa ajili ya magoti. Bibi, pale barazani kwenye posta yenu, pembeni ya lile benchi la watu wasio na kelele, kuna meza ya fundi saa. Mrefu, mpole, ana kile kioo cha kubana kwenye jicho. Namkumbuka vizuri. Nilipokuwa mdogo alinitengenezea saa yangu ya plastiki ambayo haikuwa hata na mashine ndani, akanirudishia kwa heshima zote akisema imepona.

Sikuulizi mambo yako. Wewe ni mtu mzima, umenizalia baba. Lakini siwezi kumwendea mkuu nikasema nahisi. Kopo lenyewe nimelipata, yule wa mapokezi alikuwa ameweka kalamu zake, nimemnyang'anya na nimelifungia. Nikilipima likawaka, mkuu atasema ni udongo uliolichafua. Lazima nipate neno la mtu aliyekuwa na kopo kabla ya udongo kuingia. Neno hilo litaandikwa kwenye ripoti, na nakala ya ripoti inakwenda kwa Baba kwa kuwa kiwanja ni chake. Nimezunguka huku na huku nitafute pa kukwepea, sijapaona.

Kwa hiyo mambo ni mawili. Ukinyamaza, Baba anakuja na lori. Ukisema, Baba anajua.

Sitaki kuja kukusalimia kwenye kile chumba, Bibi. Nitakuwa naangalia pembeni kila nikija. Sema.

Mjukuu wako


Nyumbani
10 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara nyingi, paka wamepata karatasi za kuchezea.

Ni la fundi. Haya, nimesema.

Na kosa ni lako. Mimi nilikuwa mwanamke wa kukaa nyumbani, wewe ndiye uliyenituma posta. Nilikwenda kuchukua kifurushi chako, nikakaa kwenye benchi nipumue, akaniuliza ndani mna nini kizito hivyo. Nikamwambia pete. Akasema anayetuma pete kubwa kiasi hicho amempima nani. Nilicheka, na nilikuwa nimesahau kucheka kwangu kunafananaje. Siku iliyofuata akaja kuitazama saa ya ukutani. Siku nyingine akaja na nyundo yake, akidai yangu ina mpini mbaya. Mpini wangu hauna ubaya wowote.

Sasa nisikilize vizuri, hili sijamwambia mtu. Mfuko wa tano ulikuwepo. Ulikuwa mkononi mwangu, wazi, unangoja udongo. Yeye hakuuona. Alidhani mifuko imekwisha, akakimbilia begi lake, akatoa kopo lake la nyuso za saa za zamani na mishale, akavimwaga vyote juu ya gazeti. Akalipangusa kopo kwa leso yake, ndani na nje, akanipa kwa mikono miwili. Kwa namna alivyolipangusa, mjukuu wangu, ningewezaje kumwambia mfuko upo? Niliuficha nyuma ya mgongo. Nyuzi nilizitia baadaye, ili mfuko uwe na kazi.

Unaweza kuniuliza kwa nini nilinyamaza. Mionzi yenu hainitishi. Nimezaa watoto watano na nimewalea wote. Anayenitisha ni baba yako. Naogopa ataniangalia kama mtu aliyemwibia baba yake kiti. Kile kiti cha babu yako bado kiko sebuleni, hakuna anayekikalia. Fundi akija anapindua ndoo, anakaa juu ya ndoo, wala sikumwambia. Mwenyewe anajua.

Nilimpenda babu yako mpaka mwisho, na wewe ulikuwepo, uliona. Lakini tangu aondoke nimekuwa naongea na redio. Redio inasema mambo mengi mazuri, ila haijawahi kuniuliza, na wewe je?

Namtaka. Nimeandika na sifuti. Kitie hicho kwenye ripoti, mkipige mhuri, mkitume kwa baba yako na lori lake.

Fundi nimemsomea barua yako yote. Aliiangalia mikono yake, kisha akauliza kama amenidhuru. Nimeumia kwa swali lile kuliko kwa uzio wenu. Anasema atakuja huko maabara mwenyewe, mkitaka mumkaushe na mumchekeche.

Bibi yako


Maabara
28 Mei

Mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo ya kupiga magoti. Wewe unajua zaidi yangu kuhusu wiki iliyopita, maana wenzangu wawili walikaa kwako siku nzima na wamerudi wanene. Lakini majibu ninayo mimi, kwa hiyo tulia.

Uwanja ni safi. Walipita na mashine ya mkononi pembe kwa pembe, na katikati walipita mpaka nyasi zikalala. Hakuna kitu. Wamechukua udongo mpya wa katikati, safari hii kwenye mfuko, nami nimeuchungulia kidogo kabla ya kuufunga: mpole kama ndugu zake. Kopo ndilo lililowaka. Chini kwenye mkunjo mlikuwa na unga wa ile rangi, leso ya mapenzi haikufika huko. Uzio hautawekwa.

Fundi pia ni salama, mwambie aache kuangalia mikono yake. Walimpima mwili na pumzi, hana kitu cha kumtisha, kwa kuwa kazi yake kubwa ni mashine za ndani na si nyuso. Zile nyuso za zamani tumezichukua kwenye boksi letu pamoja na droo alimozihifadhi. Asikwangue tena rangi ya saa yoyote inayong'aa, wala asiifungue mpaka tuipime. Na wewe chai unywe popote utakapo.

Kwenye ripoti nimeandika: chanzo ni kopo lililokuwa na sehemu za saa, lililotolewa na fundi saa, rafiki wa bibi mwenye nyumba. Mkuu akaweka kidole kwenye neno rafiki, akaniuliza rafiki kwa kiasi gani. Nikamwambia hicho hatuna kipimo chake. Akapiga mhuri.

Kuhusu mirathi yetu: mume wa kwanza tuligawana, basi na huyu nusu ni yangu. Nachukua nusu inayotengeneza saa.

Sasa Baba. Amesoma ripoti akiwa amesimama. Ile barua yako sikumwonyesha, lakini alikuja akaniuliza, nikamwambia yaliyomo, na lile la kiti nikamwambia pia. Nisamehe, niliona ndiyo njia. Alikaa anaizungusha saa ya Babu mkononi mwake, ile anayoivaa ingawa haitembei. Lori hajalifuta. Nilipomwuliza, akasema anakuja, na kwamba mambo mengine mtu anayaona kwa macho yake.

Sijui anachofikiria, Bibi. Ningejua ningekuambia. Vaa gauni la bluu.

Mpima Vumbi


Nyumbani
9 Juni

Mjukuu wangu, mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Magoti yameamua kupona. Bati bado linavuja. Paka wamebaki wawili na wale watoto, na sababu utaisikia.

Baba yako alikuja juzi asubuhi, yeye mbele kwenye lori pamoja na dereva. Nilikuwa na gauni la bluu. Fundi nilimwambia asije siku hiyo, akaja. Alisema akikimbia leo atakuwa anakimbia kila mwezi wa Juni. Akapindua ndoo yake, akakaa uwanjani akangoja, na mimi nikasimama mlangoni, nimeshika mwiko na hakuna ninachopika.

Baba yako alinisalimu vizuri. Kisha akaingia uwanjani, anatembea kama amekanyaga mayai, akasimama katikati kabisa. Akamwuliza fundi, "Ni hapa mlipochimba?" Fundi akasimama, akasema, "Ni hapa." Wakaangalia chini wote wawili, na chini hapana kitu, ni nyasi tu. Mimi moyo unanidunda mpaka kwenye jino nililong'oa.

Baba yako akaiangalia ile ndoo. Akaizunguka. Akaigusa kwa kiatu. Akasema, "Mzee, ndoo hii ina ufa. Itakuangusha, na ukianguka kwa nyuma hivyo ni uti wa mgongo." Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaingia sebuleni. Nikasikia ule ubao wa karibu na dirisha unalia. Akatoka amebeba kiti cha baba yake. Akakiweka katikati ya uwanja, akakitikisa kuona kama kiko imara, akamwambia fundi, "Kaa hapa."

Fundi alinitazama. Mimi nilikuwa nalia, sikuwa wa kutazamwa. Basi akakaa.

Nikaleta chai. Baba yako akavua saa ya babu yako, akamwuliza fundi kama anaweza kuifufua. Fundi akaigeuzageuza, akaikinga kwa kiganja apate giza, akachungulia, akamrudishia. Akasema, "Hii sifungui. Inang'aa. Nimekatazwa na mjukuu." Baba yako akacheka. Alicheka mpaka akashika goti, maana mtu wa bima kama yeye nadhani hajawahi kukatazwa kitu na mwingine kwa sababu ya usalama.

Lori limerudi na paka mmoja, yule wa kijivu. Baba yako alisema watatu ni hatari, akampakata njia nzima.

Nyuzi nimezitoa. Saa ya babu yako imo humu ndani ya mfuko wako wa tano, nimeufunga zipu mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Ipimeni, mtuambie kama inafunguka. Baba yako anataka iwe inatembea siku ya harusi, kwa sababu anasema mama yake hajawahi kufika mahali popote kwa wakati.

Bibi yako